Betri ya kifaa cha nukta nundu: namna ya kuitunza kwa mkono na sikio

Mtu anayeona, simu yake ikizimika katikati ya kikao, huazima kalamu kwa jirani akaendelea. Asiyeona, kifaa chake cha kuandikia na kusoma kwa nukta nundu (Braille, maandishi yanayosomwa kwa vidole) kikizimika, amepoteza kwa mpigo kalamu, daftari, shajara na kitabu cha namba za simu. Ndiyo maana ninapomfundisha mtu kutumia kifaa kipya, tunaanza na betri kabla hatujaandika herufi hata moja.

Hatua ya 1: Ijue betri uliyo nayo

Vifaa vya miaka ya karibuni, kama BrailleNote Touch na BrailleSense, hutumia betri za lithiamu. Vya zamani, mfano Braille 'n Speak iliyotoka mwaka 1987, vilitumia nikeli-kadmiamu, na huko ndiko ulikotoka ushauri ambao hadi leo watu wanaurithishana: "Iache iishe kabisa ndipo uchaji." Kwa lithiamu ushauri huo unadhuru. Betri ya aina hii huchoka haraka ikikaushwa mara kwa mara, na huchoka pia ikikaa imejaa muda mrefu, hasa penye joto. Kwa siku za kawaida icheze kati ya asilimia 20 na 80. Kesho una mtihani au safari? Ijaze hadi 100 bila wasiwasi, mradi uitumie na usiiache imejaa wiki nzima.

Hatua ya 2: Chaji kwa kuhakikisha, usichaji kwa kudhani

Anayeona hutazama taa. Wewe chomeka waya, subiri dakika kumi, kisha kiulize kifaa hali ya betri na usikilize asilimia. Kama haijapanda, au kifaa hakisemi kwamba kinachaji, waya haujaingia sawasawa, adapta haina nguvu ya kutosha, au umeme haupo ukutani. Nawasihi wanafunzi wangu wasiruke jambo hili, kwa sababu waya ulioingia nusu huhisi kidoleni kama ulioingia wote.

Kifaa kikiwa na tundu la duara badala ya USB, zidisha uangalifu. Plagi za duara hufanana sana mkononi, lakini volti zake hutofautiana, na adapta isiyo yake inaweza kukiunguza. Bandika lebo ya nukta nundu kwenye kila adapta uliyo nayo.

Kitoe kwenye mkoba wake wakati wa kuchaji, kiweke juu ya meza, kamwe si kitandani wala juu ya mto. Baada ya muda kishike chini: uvuguvugu ni kawaida. Kikiwa cha moto kiasi kwamba mkono hautulii, chomoa.

Hatua ya 3: Kiepushe na joto

Betri nyingi za lithiamu hazipaswi kuchajiwa juu ya nyuzi 45 za Selsiasi wala chini ya 0. Usikiache ndani ya gari lililofungwa juani. Kikitoka kwenye baridi kali, kiache kwanza kizoee hewa ya chumba.

Hatua ya 4: Punguza kinachokula chaji

Wengi hukimbilia kuzima mstari wa nukta nundu, yaani safu ya vijipini vinavyoinuka ili visomwe kwa vidole. Mimi sikubaliani nao. Vijipini vya mstari huo huinuliwa kwa volti zinazokaribia 200, lakini mkondo unaotumika ni mdogo sana. Usijinyime kusoma kwa vidole. Anza na Wi-Fi, kisha Bluetooth, kisha GPS, kisha kioo kama kifaa chako kinacho. Asiyekitazama hana sababu ya kukiacha kinawaka.

Kabla ya kukitia mkobani, funga vitufe kama kuna swichi ya kuvifunga, maana kitufe kikibanwa na kitabu kifaa huamka na kula chaji njia nzima. Hali ya usingizi, yaani kifaa kilale bila kuzimwa, inafaa kati ya kipindi na kipindi. Usiku zima kabisa. Na hifadhi unachoandika mara kwa mara, hata betri ikiwa imejaa.

Hatua ya 5: Asilimia zikianza kudanganya

Kifaa kikisema 30 kisha kikazima ghafla, huenda kipimo kimepotea njia. Hifadhi kazi zako zote, chaji hadi 100, tumia hadi kijizime chenyewe, kisha chaji tena hadi kijae bila kukatisha. Mara moja kila miezi miwili au mitatu inatosha. Zoezi hili hurekebisha kipimo tu, haliiponyi betri. Likishindwa, betri imechoka. Tafuta mpya inayokubaliwa na mtengenezaji.

Hatua ya 6: Ukikiweka bila kukitumia

Kiache na chaji karibu nusu, kizime kabisa, kiweke pakavu pasipo joto. Kiangalie baada ya miezi miwili hivi, uongeze ikibidi.

Hatua ya 7: Pima uvimbe kwa vidole

Hii ndiyo hatua ninayoiona muhimu kuliko zote, na vidole huiweza vizuri. Mara moja kwa wiki weka kifaa juu ya meza iliyo sawa, ubonyeze pembe zake nne taratibu. Kikiyumba ilhali zamani kilitulia, shuku kwamba betri imevimba. Pitisha ukucha kwenye ungio la mfuniko wa chini: je, umeachana? Kitufe cha nafasi kimekuwa kigumu? Kuna harufu tamu kama ya rangi ya kucha?

Ukipata dalili mojawapo, kizime, usikichaji tena, na usiikandamize wala kuitoboa betri. Mpelekee fundi, na betri ya zamani isitupwe pamoja na taka za nyumbani. Kama maandishi yako yako kwenye kadi inayochomoka, itoe ubaki nayo kabla ya kukabidhi kifaa.