Kuishi peke yako ughaibuni kwa kima cha chini cha mshahara

Ushauri anaopewa mtu anayeishi ughaibuni kwa kima cha chini cha mshahara huwa ni wa kubana vitu vidogo: acha kahawa ya kununua, zima taa, tembea kwa miguu. Hauna ubaya, ila unaanzia mahali ambapo fedha haipo. Kwa mbeba boksi asiye na mwenza, mambo mawili ndiyo yanayoamua kama mwezi utaisha salama: pango analolipa na saa za kazi alizohakikishiwa kwenye mkataba. Ukiyakosea hayo, kahawa utakayoacha haitaziba pengo.

Anza na pango, kwa sababu hapo ndipo mtu mmoja anapoumia zaidi. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, inapolinganisha kipato cha kaya humhesabu mtu mzima wa kwanza kuwa 1, na kila anayeongezeka mwenye miaka 14 au zaidi kuwa 0.5. Maana yake, watu wazima wawili chini ya paa moja wanahitaji 1.5, si 2, na kila mmoja anabeba 0.75. Anayeishi peke yake anabeba 1 nzima, yaani theluthi moja zaidi ya mwenzake, kwa maisha yale yale. Intaneti, joto la nyumba na jiko havigawanyiki ukiwa mmoja.

Kwa hiyo ninasema bila kusita: kwa mshahara huu, chukua chumba kwenye nyumba ya kushirikiana na uachane na wazo la nyumba yako mwenyewe kwa sasa. Lakini angalia karatasi unayosaini. Katika nchi nyingi, mkiandikwa wote kwenye mkataba mmoja, mwenzenu akiondoka bila kulipa mwenye nyumba anaweza kuwadai waliobaki pango lote. Mkataba wa chumba chako peke yako unakulinda zaidi, hata kama chumba ni ghali kidogo. Na usilinganishe pango bila nauli. Chumba cha mbali kinachoonekana rahisi kinaweza kukugharimu zaidi ukiwa na zamu ya usiku na mabasi yameshaacha kutembea. Jumlisha pango na nauli ya mwezi, upate tarakimu moja, ndiyo ulinganishe.

Kama umeshaamua kuishi peke yako England, Wales au Scotland, dai punguzo la asilimia 25 la kodi ya halmashauri (council tax), ambalo ni haki ya mtu mzima anayekaa peke yake. Wengi wetu huliogopa kwa sababu viza zetu zinakataza msaada wa fedha za umma. Punguzo hili halimo kwenye orodha ya msaada uliokatazwa. Kilichomo ni unafuu mwingine wa kodi hiyo hiyo unaotolewa kwa sababu ya kipato kidogo, kwa hiyo unapojaza fomu hakikisha unaomba lile la kuishi peke yako.

Sasa saa. Tunapenda kuulizana nani analipwa kiasi gani kwa saa, na viwango kweli vinatofautiana. Uingereza kiwango hubadilishwa kila Aprili. Aprili 2025 kilifika pauni 12.21 kwa wenye miaka 21 na kuendelea. Ujerumani mwaka huo kilikuwa euro 12.82. Marekani kiwango cha serikali kuu kimesimama kwenye dola 7.25 tangu 2009, ingawa majimbo na miji mingi imeweka kiwango cha juu zaidi, basi soma cha jimbo lako. Sweden, Denmark na Norway hazina kiwango kimoja cha kisheria kwa kila mfanyakazi. Mishahara hupangwa kwenye makubaliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, na huko swali la kwanza kazini ni kama mwajiri amefungwa na makubaliano yoyote.

Hata hivyo kiwango cha saa kizidishwe kwa saa ngapi? Mtu anapata zamu nyingi mwezi wa kwanza, anapanga chumba kwa kipato hicho, kisha msimu unapoa na zamu zinapunguzwa nusu. Panga maisha kwa saa zilizoandikwa kwenye mkataba, tena baada ya makato. Kama mkataba hauahidi saa yoyote, chukua wiki mbovu kuliko zote katika miezi mitatu iliyopita, uifanye hiyo ndiyo kipimo. Saa zinazozidi hapo zina kazi yake, nitaifikia. Na kama uko kwa viza ya mwanafunzi, zingatia ukomo wake: Uingereza wengi wa ngazi ya shahada wanaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na saa za kazi zako zote hujumlishwa pamoja. Usikubali meneja akushawishi kuzidisha. Viza inayopotea ni yako, si yake.

Kisha linda hicho kidogo. Andika mwenyewe saa ulizofanya kila siku, ulinganishe na hati ya mshahara. Uingereza, mhudumu wa wazee anayezunguka nyumba kwa nyumba ana haki ya kuhesabiwa muda wa kusafiri kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine katika kima cha chini. Safari ya kutoka kwako kwenda kwa mteja wa kwanza ndiyo haihesabiwi. Gharama ya sare ya kazi nayo hairuhusiwi kukushusha chini ya kima hicho. Acas, shirika la umma la huko linaloshughulikia haki na migogoro ya kazini, hutoa ushauri wa bure kwa simu. Marekani, sheria ya kima cha chini inamlinda mfanyakazi bila kujali hali yake ya uhamiaji, na malalamiko hupelekwa kwenye kitengo cha mishahara na saa cha Wizara ya Kazi. Usikae na dai lako, maana huko madai kwa kawaida hufa baada ya miaka miwili.

Kuhusu kodi ya mapato, nitasema kwa ufupi: ukiona makato makubwa ghafla baada ya kubadili kazi Uingereza, angalia kama umepewa msimbo wa kodi wa muda (emergency tax code), uombe urekebishwe. Marekani kuna mpango wa VITA unaojaza fomu za kodi bure kwa wenye kipato kidogo.

Linaloumiza moyo zaidi ni fedha ya kutuma nyumbani. Sitamwambia mtu aache kutuma. Wengi tuliondoka kwa sababu hiyo. Ninachosema ni kwamba kiasi hicho kiwe bili yenye tarehe na ukomo, kama pango, kikipangwa kwa saa za uhakika. Waambie nyumbani kiasi na tarehe mapema, kabla maombi hayajaanza. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kutuma dola 200 kunagharimu zaidi ya asilimia 6 kwa wastani wa dunia, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Gharama hiyo ina sehemu mbili, ada na kiwango cha kubadilisha fedha, na ya pili ndiyo huficha mengi. Linganisha kitu kimoja tu: mpokeaji atapata kiasi gani mkononi. Ukituma mara moja kwa mwezi badala ya vipande vinne, ada zisizobadilika zinapungua.

Zile saa za ziada sasa. Usiye na mwenza huna mshahara wa pili nyumbani siku ukiugua, kwa hiyo akiba ya kwanza iwe pango la mwezi mmoja, kabla ya godoro jipya na kabla ya simu. Ukilipwa kila wiki, panga bajeti ya wiki nne kwa mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo miezi minne itakuwa na malipo matano, na lile la tano huwekwa akiba zima. Anayelipwa kila wiki mbili hupata miezi miwili yenye malipo matatu. Zitie alama kwenye kalenda leo, ili fedha hizo zisije zikaombwa kabla hazijaingia.