Somo: Kupima unyevu kwenye kebo kuukuu za karatasi

Kebo hizi za umeme zina kihami (kizuia umeme) cha karatasi, kilichofunikwa kwa ganda la madini ya risasi. Maji huingia kupitia maungio, ncha, au pale ganda hilo lilipopasuka. Anza kutafuta hapo.

Kwanza, zima umeme, piga kufuli swichi, hakikisha kwa kipimio kwamba kebo imekufa, kisha ifunge ethi (iunganishe na ardhi). Bila hayo, somo limeishia hapa.

Pili, safisha ncha na uzikaushe, ondoa ethi, piga mega (kifaa cha kupima ukinzani wa kihami). Soma dakika ya 1, endelea hadi dakika ya 10, kisha gawa namba ya pili kwa ya kwanza. Jibu likikaribia 1, shuku unyevu au uchafu. Andika na jotoridi, kwa sababu ukinzani hushuka takriban nusu kila joto likipanda nyuzi 10. Kebo iliyotoka kubeba mzigo hailingani na iliyopoa. Ukimaliza, irudishe ethi, maana bado imebeba chaji.

Tatu, uliza karatasi yenyewe. Mimi naiamini kuliko mega. Pasha nta ya parafini hadi nyuzi 130–150, ukiwa na miwani na glavu. Fungua kebo, chana vipande vya karatasi: cha nje kando ya ganda, cha katikati, na cha ndani kwenye kondakta. Vishike kwa koleo safi na kavu, kwani jasho la vidole linatosha kukudanganya. Chovya kimoja kimoja. Viputo vichache vinavyokoma mara moja ni hewa tu. Povu laini linaloendelea na kutatarika ni maji.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, cha nje kimetoa povu, cha ndani kimetulia. Maana yake?*
Ganda limetoboka karibu na hapo. Kata nyuma kidogo kidogo, ukirudia kipimo mpaka karatasi zote zitulie. Ingekuwa cha ndani peke yake, maji yamesafiri kati ya nyuzi za kondakta, pengine kutoka kwenye ungio la mbali.

*Kebo yangu ni ya XLPE (kihami cha plastiki), mega inasoma juu sana. Niko salama?*
Si lazima, kaka. Kwenye plastiki hiyo unyevu huotesha nyufa ndogo zenye matawi, na mega huzipita bila kuziona. Omba kipimo cha tan delta, kinachoonyesha nishati inayopotea ndani ya kihami, kwa 0.1 Hz. Thamani ikipanda kila volti ikiongezwa, kihami kimechakaa.

*Nisiipime tu kwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) ya volti kubwa?*
XLPE iliyozeeka, hapana. Chaji hubaki ndani ya kihami, na kebo inaweza kulipuka ukiirudisha kazini.