Somo: Nguo chache za mwanaume kwa majira ya machipuko

Wakuu, taabu ya kuvaa majira ya machipuko ni kwamba baridi na joto vinakuja siku moja. Asubuhi nyuzi 7, saa nane mchana nyuzi 19, jioni manyunyu. Aliyevaa sweta zito juu ya fulana iliyochakaa ana shida mchana: akivua anaonekana hovyo, asipovua anatota jasho. Kwa hiyo somo zima linasimama juu ya kanuni moja: kila nguo uliyovaa, ukiondoa chupi na soksi, iweze kubaki ya juu. Ukivua jaketi, sweta liwe la kuonekana mbele za watu. Ukivua sweta, shati nalo liwe hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Pima nguo uliyonayo

Toa shati na suruali vinavyokukaa vizuri kuliko vyote. Funga vifungo, laza nguo mezani, inyooshe kwa kiganja bila kuivuta, kisha chukua futi ya fundi cherehani.

Shati: kwapa hadi kwapa (zidisha kwa 2), bega hadi bega, urefu wa mkono kuanzia mshono wa bega, na urefu wa mgongo kuanzia chini ya kola. Suruali: kiuno, kimo cha mbele kutoka msamba hadi juu ya kiuno, paja sm 2.5 chini ya msamba, mshono wa ndani wa mguu, na upana wa pindo. Hifadhi vipimo kwenye simu. Herufi M au namba 32 kwenye lebo hubadilika kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, sentimita hazibadiliki.

Shati la kawaida lizidi mduara wa kifua chako kwa sm 10 hadi 14. Likizidi kwa sm 5 tu, vifungo vitavutana ukikaa. Jaketi la kuvaliwa juu ya sweta lizidi kwa sm 16 hadi 20. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanalijaribu dukani wakiwa na fulana, linawakaa vizuri sana, halafu siku ya baridi halifungi.

Bega ndilo la kuangalia kwanza. Mshono wake ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Fundi anaweza kupunguza kiuno, mikono na pindo bila tabu, lakini kurekebisha bega ni karibu kulishona upya. Bega likikataa, rudisha nguo.

Hatua ya 2: Soma lebo ya kitambaa

Fulana: pamba yenye uzito wa gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Chini ya 140, hasa nyeupe, inaonyesha mwili na shingo yake hulegea mapema. Juu ya 220 inakuwa nzito kuvaa chini ya shati.

Sweta: sufu ya merino (aina ya kondoo wenye sufu laini) iliyofumwa kwa nyuzi nyembamba. Hilo linaingia chini ya jaketi bila kujikunja kwapani, na linanyonya unyevu bila kukupa baridi ya ghafla. Sweta la pamba nalo ni laini, ila likilowa linachelewa kukauka na linavutika viwikoni.

Jinzi: kitambaa chenye uzito wa aunsi 11 hadi 12 kwa yadi ya mraba kinatosha. Nyuzi za spandeksi, zile zinazovutika kama mpira, zisizidi asilimia 2. Zikizidi, magoti hutoka vibonge kabla ya mwaka kuisha, na mashine ya kukaushia kwa moto huzimaliza haraka zaidi.

Kitani tupu kiache hadi joto likolee. Kwa sasa mchanganyiko wa kitani na pamba unafaa zaidi.

Hatua ya 3: Idadi

Fulana 4 zisizo na maandishi, mashati 3 ya mikono mirefu (moja zito kidogo, la kuvaa wazi juu ya fulana), masweta 2 mepesi, jaketi 1 la pamba, koti 1 la mvua, suruali za kadeti 2, jinzi 1, viatu pea 2, soksi pea 8. Fulana na mashati 7 kwa suruali 3 ni michanganyiko 21 kabla hujagusa sweta. Ukiona unataka kuongeza, ongeza soksi.

Koti la mvua lisiwe na bitana nene. Joto utalipata kwenye sweta. Ligeuze ndani uangalie mishono: iwe imebandikwa utepe. Kitambaa kinaweza kuzuia maji vizuri na bado mabega yakalowa kupitia matundu ya sindano.

Hatua ya 4: Rangi

Suruali zibebe bluu iliyokoza, kijivu na kaki. Juu tumia nyeupe, bluu ya mawingu na kijani cha zeituni. Nyeusi mimi nisingeiweka: ikianza kupauka haifanani tena na nyeusi nyingine kabatini.

Hatua ya 5: Fua kwanza, fundi baadaye

Pamba ambayo haikutibiwa kiwandani hurudi kwa asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa. Kwa mguu wa sm 80, asilimia 3 ni sm 2.4, na hiyo ndiyo tofauti kati ya pindo linalogusa kiatu na pindo linaloonyesha soksi ukiwa umesimama. Fua kama utakavyokuwa unafua siku zote, anika, piga pasi, ndipo upeleke suruali kwa fundi apime pindo ukiwa umeivaa pamoja na viatu vyake, kisha aikate.

Hatua ya 6: Jaribio la kioo

Vaa tabaka zote. Inua mikono kama unayefikia rafu ya juu: shati likichomoka lote, tundu la kwapa limekatwa chini mno. Kaa, funga kamba za viatu, simama. Kisha vua tabaka moja moja ukijitazama. Isiyofaa kubaki juu haina nafasi kwenye orodha hii.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mapaja yangu ni makubwa, kiuno kidogo. Nikinunua ya kiuno inabana, nikiongeza namba inaning'inia.
Jibu: Nunua kwa kipimo cha paja, kiuno apunguze fundi. Hadi sm 5 inawezekana bila mifuko ya nyuma kusogeleana. Tafuta pia yenye kimo kirefu cha mbele na mguu unaopungua kuanzia goti.

Swali: Fulana nyeupe zinakuwa njano kwapani. Nimeweka dawa ya klorini, ndiyo zimezidi.
Jibu: Ni chumvi za aluminiamu za dawa ya kuzuia jasho zikichanganyika na jasho lenyewe, na klorini hukoleza ule unjano. Loweka kwapa kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika 30, suuza, kisha fua. Usichanganye siki na klorini kamwe, hutoa gesi ya sumu. Suuza mara kadhaa kwanza kama klorini imeshapita. Na dawa ya kwapa ikauke kabla hujavaa.

Swali: Raba nyeupe na kadeti zinaendana kazini?
Jibu: Zikiwa za ngozi, soli nyembamba, bila rangi nyingine, ofisi nyingi hazina neno. Ukiziosha, ondoa sabuni yote na uzikaushe kivulini. Sabuni iliyobaki ikipigwa na jua ndiyo inayoleta unjano.

Swali: Makoti ya sufu ya baridi niyatundike tu?
Jibu: Yasafishe kwanza. Mabuu ya nondo hupenda sufu yenye jasho na madoa ya chakula. Koti litundikwe kwenye henga pana ndani ya mfuko wa kitambaa, sweta likunjwe. Ukilitundika, mabega yatachongoka.

Swali: Viatu vya swedi (ngozi yenye vinyweleo laini) vimelowa chapachapa, nimeviweka karibu na hita.
Jibu: Viondoe hapo sasa hivi, joto hukausha ngozi hadi ikakakamaa na kupasuka. Jaza karatasi zisizo na wino, badilisha zikilowa, subiri hata siku 2. Vikikauka kabisa ndipo upige brashi kuelekea upande mmoja.