Mgonjwa kamaliza dozi, kipimo cha haraka bado kinasema ana malaria: piga slaidi hivi

Hii inatusumbua sana hapa Moshi. Mtu karudi kutoka Tanga au Kahama na homa, kapimwa kipimo cha haraka ikatoka mistari miwili, kanywa dawa mseto siku tatu, wiki ya pili anarudi kichwa kinamgonga, kapimwa tena mistari miwili tena, anaandikiwa dozi nyingine. Jamani! Kile kipimo kinasaka HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria, na hiyo inabaki kwenye damu wiki kadhaa hata kama wadudu walishakufa wote. Wa kumfuatilia ni slaidi, yaani damu kwenye kioo unayoichungulia kwa darubini, tena uhesabu vimelea, usiandike "plasi mbili" (alama ya kukadiria tu wingi wake) ukaishia hapo.

Toboa kidole cha pete, futa tone la kwanza kwa pamba kavu. Tone nene litandaze kwa kona ya slaidi nyingine lifike kama sm 1, unene wake uwe ule ambao maandishi ya gazeti chini yake unayasoma kwa shida. Pembeni vuta utando mwembamba. Huo mwembamba ndo unapata methanoli, lile nene lisiguswe hata na mvuke wake.

Sasa kukausha. Julai ya Moshi unaijua, mlima umejifunika toka asubuhi, slaidi inakaa weee bado mbichi. Nilivyokuwa mgeni kazini nikajifanya mjanja nikaiweka karibu na balbu ikauke fasta, kumbe joto limeigandisha damu, seli nyekundu zikagoma kupasuka kwenye rangi, nikachungulia darubini naona ukungu mzito tu, mama wa watu akatobolewa upya na jicho alilonitazama silisahau. Iache ikauke yenyewe kwenye trei, ifunike, inzi wanalamba damu vizuri tu.

Weka rangi ya Giemsa asilimia 10 iliyochanganywa kwenye bafa (maji yanayoshikilia kiwango cha asidi) ya pH 7.2, dakika 10 hadi 15. Iliyochanganywa leo itumike leo. Ukimaliza usiimwage kwa kuinamisha slaidi, isukume taratibu kwa maji ielee itoke, la sivyo ule utando wa juu unaganda kwenye tone na mtu anahesabu uchafu akidhani vimelea.

Lenzi ya 100 na oili. Hesabu vimelea sambamba na seli nyeupe mpaka seli zifike 200, kama vimelea havijafika 100 endelea hadi seli 500. Mfano umepata vimelea 150 kwenye seli 200: 150 mara 8,000 (idadi ya seli nyeupe tunayokadiria kwenye mikrolita moja ya damu) gawa kwa 200, jibu vimelea 6,000 kwa mikrolita. Kabla hujasema hana, pita fildi 100 (fildi ni lile duara unaloliona darubini ikiwa sehemu moja), sio 20 halafu unawahi chai.

Rudia slaidi siku ya 3 toka aanze dawa. Kama bado vipo, mwambie daktari siku hiyohiyo. Ila vile vyenye umbo la ndizi viandike pembeni usivijumlishe, hivyo vinabaki hata dawa ikiwa imefanya kazi, ndo mbu anavyobeba kupeleka kwa mwingine.