Ndama anayehara: maji kwanza, sindano baadaye

Mvua za Machi zikianza kugonga mabati ya Ruai, Mwiki na Dagoretti hapa Nairobi, madaktari wa mifugo hupigiwa simu kwa shida ileile: ndama wa siku tatu anahara majimaji ya manjano, mkia umegandamana, na tangu asubuhi hataki kunyonya. Jirani naye ana ushauri wake tayari: "Mpige sindano." Mimi ningesema umtafutie maji kwanza, na sababu iko tumboni mwake.

Katika siku nne za kwanza mshukiwa mkuu ni E. koli. Yeye na Salmonella wako katika kundi la bakteria wa Gram-hasi, lililopata jina kwa daktari Mdenmaki, Hans Christian Gram, aliyebuni mwaka 1884 njia ya kuwapaka bakteria rangi ili watofautishwe kwenye hadubini. Kundi hili huipoteza rangi ya zambarau kwa kuwa ukuta wao ni mwembamba, na juu yake wamejifunika utando wa pili. Utando huo ndio kiini cha taabu nyingi. Dawa kadhaa haziupenyi, na ndiyo maana penisilini ya kawaida inayouzwa agroveti haifui dafu mbele ya E. koli. Tena bakteria akifa na kupasuka, vipande vya utando huo hutapakaa mwilini kama sumu iitwayo endotoksini.

E. koli wengi hukaa tumboni bila kumdhuru mtu wala mnyama. Wanaowaua ndama wachanga ni wale wenye vinyweleo vya kung'ang'ania ukuta wa utumbo mwembamba. Hawatoboi kitu. Hukaa pale wakimwaga sumu inayozilazimisha seli za utumbo kutema chumvi, na chumvi ikitoka maji huifuata. Kinachomuua ndama basi ni kukaukiwa maji, pamoja na damu kugeuka kuwa na asidi nyingi, kwa kuwa chumvi zinazoizuia asidi zimetoka na kinyesi. Jambo la kutia moyo ni kwamba ukuta wenyewe haujachubuka: mlango unaoingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji nyuma yao, bado unafanya kazi. Maji ya chumvi na glukosi yanayonyweshwa hupita hapo.

Salmonella ni mkali zaidi. Yeye huingia ndani ya seli zenyewe, kwa kawaida ndama akiwa amevuka wiki ya kwanza, na hapo utaona damu, makamasi na vipande vya utando wa utumbo kwenye kinyesi, harufu ya kukera, na homa.

Homa hiyo hutokana na mwili wenyewe. Seli za ulinzi huitambua endotoksini hata ikiwa kidogo sana, zikapeleka ishara: mishipa ya damu inapanuka, chembe nyeupe zinakimbilia utumboni, ubongo unapandisha joto kupita kiwango cha ndama mzima, ambacho ni nyuzi 38.5 hadi 39.5. Utumbo nao huongeza ute na kusukuma nje kilichomo. Kwa hiyo dawa za kufunga tumbo wanazonunuliwa watu, ukimpa ndama, huwafungia adui ndani. Salmonella, mjanja huyo, hata hufaidika na vurugu hizo, kwani kemikali zinazozalishwa vitani humsaidia kupumua na kuwashinda bakteria wazuri wa tumbo. Endotoksini ikizidi kwenye damu, shinikizo la damu huanguka, masikio na miguu inakuwa baridi, na kipimajoto kinaonyesha chini ya kawaida. Usishangilie kwamba homa imeshuka. Huyo ndama yuko hatarini kuliko jana.

Sasa, kinga yake inatoka wapi? Ng'ombe hampitishii ndama kingamwili tumboni, hivyo huzaliwa mikono mitupu na kutegemea dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake. Ndama wa kilo 40 anahitaji lita 4 hivi za dang'a, na zote au sehemu kubwa ziingie katika saa sita za kwanza, maana uwezo wa utumbo kupokea kingamwili nzimanzima hupungua kila saa na kufikia saa 24 umefungwa. Hapa ndipo mabanda mengi ya Nairobi yanapokosea. Ndama akizaliwa saa nne usiku na kungojea mfanyakazi aje kukama saa kumi na mbili asubuhi, saa nane zimekwisha kupotea. Nenda mwenyewe usiku huohuo, safisha kiwele, ukamue dang'a, umnyweshe ndama, kisha umpake ayodini kwenye kitovu.

Akishaanza kuhara, vuta ngozi ya shingo kisha uiachilie. Ikikawia kurudi na macho yamezama, huenda amepoteza maji ya asilimia 8 ya uzito wake. Kwa ndama wa kilo 40 hiyo ni lita 3.2, ongeza lita 2 za mahitaji ya siku, ongeza na anayoendelea kumwaga. Chupa moja ya lita mbili kwa siku haimtoshi hata kidogo. Gawa mara tatu au nne, ukitumia chumvi za ndama za kuchanganya na maji kutoka agroveti, zilizopimwa kama pakiti inavyosema. Usitumie sukari ya chai: ndama mchanga hana kimeng'enyo cha kuisaga na itamharisha zaidi. Maziwa yaendelee, ila usiyachanganye na chumvi hizo, maana yanashindwa kuganda tumboni. Mtie kidole mdomoni. Kama hakinyonyi, usimlazimishe kwa chupa, yataingia mapafuni. Huyo anahitaji daktari na maji ya mshipa.

Na sindano ya antibiotiki? Ina mahali pake, ndama akiwa na homa, damu kwenye kinyesi au akiwa amelegea kabisa. Lakini ndama wengi wanaohara wana virusi vya rota au vimelea vya kriptosporidiamu, na antibiotiki haiviui hata kimoja. Kila chupa inayotumika ovyo huwafundisha E. koli wa banda lako kuizoea dawa. Ndama wawili watatu wakiugua kwa mfululizo, mwombe daktari aliyesajiliwa achukue sampuli ya kinyesi kabla ya dawa na kuipeleka maabara ya mifugo Kabete.

Mgonjwa atengwe, na ahudumiwe wa mwisho, baada ya wazima. Matandiko ya maranda yaliyoloa yatolewe kila siku. Kwenye ploti zetu, banda liko hatua chache kutoka jikoni, na Salmonella wa ndama ndiye huyohuyo anayeweza kumlaza mtoto wako. Aliyemshika ndama anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, maziwa yachemshwe, na samadi mbichi isimwagwe kwenye sukuma wiki wala kwenye mtaro unaopita mlangoni kwa jirani.