Jinsi ya kuomba leseni ya utafiti wa vyanzo vya maji katika maeneo ya jamii za kiasili nchini Kenya

Mtu yeyote anayetaka kufanya utafiti wa vyanzo vya maji nchini Kenya, awe mwanafunzi wa uzamili au mtafiti wa shirika, anahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Leseni huombwa mtandaoni na fomu yenyewe haina ugumu mkubwa. Kazi iko katika yale yanayoitangulia, hasa pale ambapo bonde unalolilenga lina wenyewe, kama Waogiek wa Mau, Wasengwer wa Embobut au Waendorois wa Ziwa Bogoria. Serikali inaweza kukuruhusu kufanya utafiti, lakini haiwezi kukubali kwa niaba ya wenyeji.

Kwa hiyo anza na wenyeji, kabla andiko lako la utafiti halijakamilika na ungali unaweza kubadilisha maswali yako. Usishangae ukipokewa kwa tahadhari. Waogiek walifurushwa mara kadhaa kwa hoja ya kuulinda msitu wa Mau, ambao ni chimbuko la mito kama Mara, Sondu na Njoro, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilipoamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba uhifadhi haukuwa sababu halali ya kuwaondoa. Mgeni anayefika na ramani na vipimo vya maji lazima aulizwe matokeo yake yatamfaidi nani, na ni heri awe na jibu la kweli.

Jitambulishe kwa chifu, kisha uombe kukutana na wazee, na wanawake ambao ndio wachotaji wa maji wa kila siku, pamoja na chama cha watumiaji wa rasilimali za maji (WRUA), ambacho kinatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016 kama chombo cha wananchi cha kusimamia sehemu yao ya bonde. Baraza la chifu linafaa kwa utambulisho tu. Mikono iliyoinuliwa mbele ya afisa wa serikali haitoshi kuitwa ridhaa, kwa sababu anayepinga mara nyingi hunyamaza hadharani na kusema yake baadaye, nyumbani. Wape watu muda wa kujadiliana bila wewe kuwapo, na ukubali mapema kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Wakikubali, yaandikeni makubaliano katika lugha wanayoielewa. Tuseme unataka kufunga kifaa cha kupima kina cha maji kwenye chemchemi ambayo wazee huitumia kwa matambiko. Hati iseme wazi kama kifaa kitafungwa hapo au chini zaidi mtoni, nani atakikagua, na kama mahali hapo pataonyeshwa kwenye ramani itakayochapishwa. Nukta moja ya GPS yatosha kuwaleta watu wasiotakiwa. Hati ieleze pia nani atatunza takwimu na rekodi za sauti, na itakuwaje mzee akitaka maneno yake yaondolewe. Maarifa ya wazee kuhusu misimu, miti inayotunza unyevu na mienendo ya mito yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya 2016, nazo taarifa binafsi za wahojiwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Sasa kamilisha andiko na uliwasilishe kwa kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa na NACOSTI. Vyuo vikuu vingi vinayo. Ambatisha madodoso, fomu za ridhaa zenye nafasi ya alama ya kidole gumba kwa wasioandika, na ile hati ya makubaliano na jamii. Nashauri uiambatishe hata kama haikuombwa, kwani inajibu maswali ambayo kamati ingekurudishia.

Ukishapata idhini ya kamati, fungua akaunti kwenye tovuti ya NACOSTI, jaza taarifa zako na za mradi, taja kaunti zote utakazofanyia kazi, pakia kitambulisho au pasipoti, picha, andiko, barua ya taasisi yako na idhini ya maadili, kisha ulipe ada. Mtafiti wa kigeni aonyeshe kwamba ameshirikishwa na taasisi ya Kenya. Mto unaovuka kaunti mbili usiuandikie kaunti moja.

Leseni ikitoka, soma masharti yake. Yanakutaka umjulishe gavana na kamishna wa kaunti husika kabla ya kuanza kazi, na hayakuruhusu kumpa mtu mwingine leseni hiyo aitumie. Pia haikupi ruhusa ya kila jambo: kuingia katika msitu wa serikali kunahitaji idhini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), hifadhi za taifa ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na mtafiti anayekusanya mimea au viumbe kwa ajili ya rasilimali zao za kijenetiki huomba kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Takwimu za zamani za mtiririko wa mto ziombwe kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA).

Angalia tarehe ya mwisho wa leseni na uombe upya mapema, kwa kuwa misimu ya mvua haifuati tarehe za leseni na anayepima mto hulazimika kuingoja mvua. Kazi ikiisha, NACOSTI hupelekewa ripoti ya mwisho. Wenyeji nao wapelekewe matokeo kwa muhtasari wa Kiswahili au wa lugha yao, na usomwe mbele yao kabla ya kuchapishwa, ili aliyenukuliwa vibaya apate nafasi ya kusahihisha.