Besi kuukuu: fungua shingo kabla ya kufungua pochi

Ukitaka kujua kama gitaa la besi la zamani ni la mwaka linaodaiwa, namba ya kiwandani iliyo kwenye bamba la chuma la nyuma, pale shingo inapoungana na mwili, mimi huitazama mwisho. Bamba lile lina skrubu nne tu. Dakika tano linahamia gitaa jingine.

Tuseme umeletewa Precision, besi ya kampuni ya Fender, inayodaiwa kuwa ya 1966. Legeza nyuzi, toa skrubu za shingo, usome muhuri kwenye kisigino chake, yaani ncha inayoingia mwilini: mwezi na mwaka. Kisha fungua bamba la mbele lililobeba vitufe vya sauti. Kwenye potenshiometa, yaani kifaa kilicho chini ya kila kitufe cha sauti, mna tarakimu, mfano 1376632. Hapo 137 ni kampuni ya CTS, 66 ni mwaka, 32 ni wiki. Fender walinunua shehena kubwa ya potenshiometa mwaka ule, hivyo ukizikuta kwenye besi ya 1969 usishtuke. Lakini potenshiometa ya 1972 ndani ya besi ya 1966 imebadilishwa, hakuna mjadala.

Lehemu ndiyo naipenda zaidi, maana haijui kuficha. Ya kiwandani imefifia na kutulia. Iliyoguswa juzi inang'aa, na mara nyingi waya una alama ya kuungua.

Rangi: angalia ndani ya mfuko wa shingo, yaani shimo inapokaa shingo, na chini ya pikapu, kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi. Rangi nyingine ikichungulia hapo, mara nyingi mwili umepakwa upya, na ikiwa ndivyo bei ishuke sana, hata nusu. Matundu ya skrubu yaliyozibwa karibu na daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini, nayo yanasema: kuna kitu kiliwahi kufungwa hapo. Freti mpya, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo? Mimi sizihesabu kuwa kosa. Besi iliyopigwa sana mara nyingi hubadilishwa freti.